Ufunguo wa Mawe Matatu

Wiki niliyokuwa nakabidhi ofisi, kijana wetu Aristidi alisimama uwanjani, juani, akibonyeza ufunguo wa gari lake kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Gari lilimtazama tu. Alibonyeza kwa kidole gumba, akabonyeza kwa vidole viwili, akausogeza ufunguo kwenye kioo, kisha akauinua juu ya kichwa chake, sijui alitaka malaika nao wausikie. Mwisho akatoa simu ampigie fundi wa Bukoba.

"Aristidi," nikamwita kutoka dirishani, "una sarafu?"

"Ya nini, Mama?"

"Ilete pamoja na huo ufunguo."

Ubavuni mwa ufunguo wa namna ile huwa kuna mfuo mdogo. Chomeka ukingo wa sarafu hapo, zungusha taratibu, na ganda litaachana kama la karanga. Ndani utakuta betri bapa, kama kifungo cha koti. Kabla hujaitoa, angalia upande upi umelala juu, maana ukiigeuza utalaumu betri mpya bure. Soma namba iliyochorwa mgongoni mwake, nenda dukani ukanunue yenye namba hiyohiyo, ishike kingoni usiipake mafuta ya vidole, irudishe ilivyokuwa, bana ganda mpaka lilie. Basi. Kazi nzima ni fupi kuliko kumsubiri fundi anayesema "niko njiani" huku unasikia televisheni ya kwake.

Aristidi aliniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia Igurwa, kwa kuku. Alicheka, wengine wakaja kusikiliza, na ndiyo maana mmeniomba niandike. Naandika. Sitasema nani alipanda cheo lini wala kwa nini. Hayo yako kwenye mafaili, na mafaili hayana kicheko.

Niliripoti Kayanga, makao ya wilaya ya Karagwe, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka chuo kikuu Morogoro na cheti cha udaktari wa mifugo ndani ya bahasha ambayo sikutaka ikunjwe. Wilaya ilikuwa moja. Kyerwa ilikuwa bado upande wetu wa kazi, tukaitembea yote mpaka mpakani. Mimi ni mzaliwa wa Muleba. Kihaya changu na Kinyambo cha pale vilielewana kama ndugu wasiolala nyumba moja.

Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Mzee Petro, msaidizi wa mifugo, mwembamba, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwaka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umetumwa na daktari mpya?"

"Mimi ndiye daktari mpya."

Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akarudi kwenye viatu. "Sawa," akasema. "Basi viatu hivyo vipeleke nyumbani, uje wewe peke yako."

Kazi nyingi ya mikono nilijifunza kwake, na ubishi nikauendeleza mwenyewe. Alinionyesha jinsi ya kuchemsha sindano za chuma kwenye sufuria iliyowekewa kitambaa chini, ili zisigongane na kupasua mabomba yake ya kioo. Alinionyesha kumsikiliza ng'ombe kwa sikio tupu, shavu likiwa limelala juu ya mbavu, kwa sababu mpira wa kusikilizia wa ofisi ulikuwa umetafunwa na panya. Alinionyesha kufunga mabarafu ya chanjo kwenye magazeti kabla ya kuyapanga sandukuni. Barafu yenyewe tuliiomba misheni, kwenye friji la mafuta ya taa lililonuka kama ndege iliyoanguka.

Lakini pia aliniambia kwamba mtu wa mkono wa kushoto asimchome sindano ng'ombe mwenye mimba.

"Kwa nini, Mzee?"

"Atazaa dume."

"Na akichomwa na mtu wa mkono wa kulia?"

"Anaweza kuzaa jike. Au dume."

"Sasa tofauti iko wapi?"

"Tofauti," akasema Mzee Petro, "ni kwamba mwenye mkono wa kushoto atalaumiwa."

Nilibishana naye juu ya hilo kutoka kijiji cha Ndama mpaka tulikokuwa tunakwenda, na tuliporudi nikaendelea. Baada ya majuma machache wilaya nzima ilikuwa inaniita Mama Kwanini, ingawa sikuwa na mtoto yeyote wa jina hilo wala la jina jingine.

Wa tatu katika safari zetu alikuwa dereva, Fredinandi. Mradi wa chanjo ulitupatia gari jeupe lililokuja kutoka Dar es Salaam likiwa limefungwa king'ora cha kuzuia wezi. Ufunguo wake ulikuwa na rimoti, kitu cheusi cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Ukibonyeza, gari lilisema *kwi-kwi*, likakonyeza taa zote, milango ikajifunga yenyewe. Karagwe nzima, kwa nijuavyo, hakukuwa na jingine. Rimoti ya akiba ilibaki Dar kwenye droo ya mtu ambaye kila tukiuliza alikuwa likizo.

Fredinandi aliuvaa ule ufunguo shingoni, ndani ya shati, mahali ambapo watu wengine huweka msalaba. Popote tuliposimama walimwambia, "Hebu liseme," naye hakuwahi kumnyima mtu. Alilisemesha gari sokoni, mbele ya kanisa, kwenye mnada, kwenye msiba. Mtu akichelewa, analirudia kwa ajili yake. Nilimwuliza siku moja kama kile kitu hakina betri inayokwisha.

"Daktari," akajibu kwa upole, "hii ni ya Ujapani."

Mwaka huo homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa inatembea. Ni ugonjwa wa kimyakimya: ng'ombe anakohoa alfajiri anapoamka, unasema ni vumbi; baadaye anasimama na viwiko vimetanuka kama mtu aliyebeba ndoo mbili; halafu zizi zima linakwenda. Wafugaji wa Rugu walikuwa wameshasikia kikohozi ng'ambo ya bonde lao. Chanjo ilikuwepo, ila walikuwa wameacha kutuamini. Awamu iliyotangulia, kabla sijafika, waliambiwa walete ng'ombe, wakawafungia tangu asubuhi bila majani wala maji, na gari halikutokea.

Aliyewashawishi wakubali tena alikuwa mzee mmoja, Karugendo. Alikuwa na ng'ombe wachache wa pembe ndefu, na kila mmoja alimtaja kwa jina kama anazungumzia wakwe. Tulipokwenda kupanga siku, alinishika mkono akaniweka pembeni.

"Binti yangu, nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nimewaambia safari hii wanakuja. Walinicheka, nikawaambia kama hawaji, nisiitwe tena kwenye baraza lolote. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mzee."

"Usiseme unanisikia. Njoo."

Tukakubaliana: asubuhi tungechanja Igurwa, mchana tungeshuka Rugu, kabla jua halijainama. Zaidi ya hapo ng'ombe wasingestahimili kufungiwa, na barafu yetu isingestahimili jua.

Igurwa kazi ilikwenda vizuri. Tulipomaliza, mama mmoja aitwaye Ma Leokadia, ambaye kibanja chake, shamba la migomba na nyumba, kilikuwa jirani, alikataa kabisa tuondoke bila kula. Nani angekataa? Alikuwa amepika ndizi na maharage, ameyafunika kwa majani. Uani alikuwa ameanika kahawa kwenye majamvi. Fredinandi aliegesha chini ya mparachichi, akashuka, akageuka kwa majirani waliokuwa wanatazama, akabonyeza. *Kwi-kwi.* Wakapiga makofi. Akafungua, akafunga tena, kwa ajili ya bibi mmoja aliyekuwa amechelewa kutoka jikoni. Tukaingia kula.

Tulipotoka, alibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, huku ametabasamu, kama vile gari linamtania.

"Limekataa," alisema.

"Limekataa nini?"

"Limekataa tu, Daktari."

"Gari halikatai bila sababu."

Mzee Petro alikuwa anachokonoa meno kwa njiti. "Mama Kwanini," akasema, "liulize."

Nilisema tufungue mlango kwa ufunguo wenyewe, ule wa chuma, kama watu wa zamani. Fredinandi akaniambia hilo gari halipendi. Nikamwambia sijauliza linapenda nini. Akafungua.

Nilikuwa sijawahi kukisikia kile king'ora. Kilipaa juu, kikashuka, kikapaa tena. Mbuzi alikata kamba akapita katikati ya kahawa. Kuku walipanda juu ya paa la jiko. Ma Leokadia alitoka na mwiko mkononi akiuliza tumemwua nani. Na kabla hakijanyamaza, wanaume walianza kutokea kwenye migomba pande zote, wanakimbia, huyu na panga, huyu na fimbo, mmoja na mchi.

Kwa mgeni nieleze. Pale kwetu kuna enduru, ule ukelele wa hatari. Mtu akivamiwa anapiga enduru, na kila mwanaume anayeisikia anakimbilia huko na chochote alicho nacho. Asiyekimbia ana kesi na majirani. Anayeipiga bure naye ana kesi, na faini yake ni rubisi, pombe yetu ya ndizi. Masikio ya wale wanaume yalisikia enduru, miguu ikafuata.

"Mwizi yuko wapi?" aliuliza wa kwanza kufika, akihema.

"Hakuna mwizi, waitu, ndugu zangu," Ma Leokadia akamjibu. "Ni gari linapiga kelele lenyewe."

"Linajiibia?"

Fredinandi alijaribu kuwasha, injini haikutikisika. King'ora kilikuwa kimeikata. Kilinyamaza chenyewe kilipochoka, tukatoa sanduku la chanjo tukaliweka kivulini, na hapo tukawa na kila kitu isipokuwa mwendo. Niliuliza kuhusu baiskeli. Walinionyesha milima kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, kwa huruma. Niliweka kiganja ndani ya sanduku. Magazeti yalikuwa yameanza kulowa. Rugu, Karugendo alikuwa amesimama langoni pa zizi akitazama barabara, na mimi nilikuwa namwona kana kwamba yuko uani pale.

"Tuifungue hiyo rimoti," nikasema.

Fredinandi aliishika kifuani. "Ikiharibika?"

"Sasa hivi ni nzima?"

Aliwaza, akanipa. Nilitumia ncha ya kisu cha upasuaji, jambo ambalo siwashauri. Kisu kiliteleza na alama bado ninayo kidoleni. Ganda likaachana. Ndani mlikuwa na kile kidude bapa kinachong'aa. Nina tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, hata mfuko wa chumvi, kwa hiyo nikasoma mgongo wake: namba fulani, na *3V*. Nikasema imekwisha.

"Haijaisha, imechoka," Fredinandi akasema. "Tuianike."

Pale ndipo nilipoona kwamba jamvi la Ma Leokadia halikuwa na kahawa tu. Pembeni yake mawe ya redio, zile betri kubwa, yalikuwa yamepangwa mstari, yanaota jua. Sote tuliokua miaka ile tunajua: mawe ya redio yakiishiwa, humtupi mtu aliyekutumikia, unamwanika. Lakini mimi nilikuwa nimetoka chuo.

"Jua haliwezi kurudisha umeme kwenye betri iliyokufa," nikasema.

Ma Leokadia aliweka mkono kiunoni. "Juzi redio yangu ilikuwa inanong'ona. Nikaanika. Jana imeimba kwaya nzima, sauti zote nne. Nani aliyeimba, mimi?"

Baadaye nilisoma nikaelewa kwamba joto linachangamsha kilichobaki ndani, kama kuinamisha chungu upate mchuzi wa mwisho. Hakiongezeki kitu, ila hakibaki kitu. Siku ile nilikuwa na hakika kwamba betri ya kifungo haitafufuka, nikamruhusu Fredinandi aianike, nusu kwa kukosa njia na nusu kwa hamu ya kumwona akishindwa. Akaiweka jamvini, akasogea nyuma. Watu wote walikaa kuitazama.

Kuku mwekundu aliteremka kutoka juu ya jiko, akaja moja kwa moja, akaidonoa, akaimeza.

Kisha Mzee Petro akavua kofia yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuona nywele zake.

"Basi," akasema. "Kuku wa Ma Leokadia sasa ndiye mwenye gari."

Walicheka mpaka mwenye mchi akakaa chini. Mmoja akapendekeza achinjwe. Ma Leokadia alikuwa ameshamkumbatia kuku wake.

"Huyu anataga kila siku," akasema. "Gari lenu linataga?"

Namshukuru yule kuku. Alinitoa macho kwenye kile kidude, nikabaki natazama mawe yaliyokuwa jirani yake. Niliinua moja nikasoma: *1.5V*.

"Ma Leokadia, redio yako inakula mawe mangapi?"

"Manne. Na mengine ya kusaidia." Akaingia ndani akaileta. Mgongoni mwa redio mlitoka nyaya mbili, zikaingia kwenye gamba la mgomba lililokunjwa kama mfereji, na ndani ya mfereji huo mawe ya ziada yamelala kichwa kwa mkia, yamekazwa kwa mpira wa baiskeli. "Yaliyochoka yakisimama peke yake hayawezi," akaeleza. "Ukiyapanga mengi, yanasaidiana."

Huo ulikuwa uhandisi wa kila nyumba wakati ule, nami nilikuwa nimeuona tangu utoto bila kuuliza swali hata moja, mimi, Mama Kwanini. Kilichotakiwa mle ndani kilikuwa volti tatu. Moja na nusu, na moja na nusu. Mwili wa betri haukuwa na maana. Ukubwa wa kifungo au wa gunzi, rimoti isingejua.

"Fredinandi, una waya?"

Dereva wa zamani alikuwa na waya siku zote. Tulikata gamba jipya la mgomba, tukalaza mawe mawili, kichwa cha moja kwenye kitako cha lingine. Mmoja wa wanaume akatoa ile karatasi ya fedha ndani ya pakiti ya sigara. Tukaikunja vipande tukavibana ndani ya rimoti, kimoja pale betri ilipogusa kwa juu, kingine pale ilipogusa kwa chini, na nyaya zikaunganishwa humo. Chanya kwa chanya. Nilikuwa nimeangalia upande gani ulikuwa juu kabla sijaitoa, na ndiyo sababu nawasumbua ninyi mwangalie.

Fredinandi akabonyeza. Kitaa chekundu cha rimoti kiliwaka kwa aibu, kikazima. Gari halikusikia.

"Mawe haya si mapya," nikasema. "Kila moja limepungua. Tuongeze."

"Jana kwaya nzima," Ma Leokadia akanikumbusha, lakini aliinama akachagua lingine jamvini, akalipima joto shavuni kama mtoto mwenye homa, akalipanga.

*Kwi-kwi.* Taa zote zikakonyeza. Watu walipiga kelele kuliko king'ora. Mzee mmoja alikuwa amegeuka kuchukua ugoro, hakuona, na Fredinandi, nawaapia, alimgeukia ili alirudie kwa ajili yake.

"Fredinandi," nikasema, "ukibonyeza tena bila kazi, kidole hicho nitakihasi."

Ma Leokadia alinishika bega kabla sijapanda. "Mawe yangu yarudi kesho mapema. Nimetuma kadi ya salamu redioni. Siku wakisoma jina langu, nisiwe nimekaa na redio bubu kwa sababu ya serikali." Niliahidi, na asubuhi iliyofuata tuliyarudisha, pamoja na mengine mapya ambayo aliyapokea kwa mashaka kwa sababu hayakuwa na joto.

Tulishuka Rugu huku Mzee Petro amepakata lile gamba la mgomba mapajani, ufunguo ukining'inia kwenye nyaya zake. Kila bonde la barabara alikuwa anamwambia Fredinandi polepole, mtoto anaamka.

Jua lilikuwa limeshainama. Tulipofika, miti ya lango la zizi ilikuwa imeteremshwa. Ng'ombe walikuwa wameondoka. Tulisikia miluzi ya wachungaji ikipotea nyuma ya migomba, pande tatu tofauti. Ndani walibaki ng'ombe wa Karugendo tu, naye amesimama katikati yao kama mtu aliyesahauliwa sokoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuuliza tulikuwa wapi. "Wachanje hawa. Wengine wamekwenda. Wamenisalimia vizuri sana walipoondoka."

Alivyolisema hilo neno, *vizuri*, sikutaka kulisikia tena. Ng'ombe wake kuchanjwa peke yao kusingesaidia sana. Kikohozi kingewazunguka pande zote. Nilimwuliza kama tunaweza kuwaita wale wengine warudi.

"Kwa mdomo gani? Nimeshaita tangu mchana."

Nilimtazama Mzee Petro. Mzee Petro akatazama gari. Naamini tuliwaza jambo moja, lakini yeye alikuwa na busara ya kunyamaza.

"Fredinandi," nikasema, "zima injini. Shuka. Funga kwa rimoti. Halafu fungua kwa ule wa chuma."

"Daktari, litalia!"

"Ndiyo."

Lililia. Bonde lile linarudisha sauti, kwa hiyo lililia mara mbili. Karugendo aliruka pembeni, kisha akasimama, na niliona uso wake unaanza kuelewa. Tulikiacha kilie. Wa kwanza alitokea kwenye migomba na mkuki, akifuatwa na wawili, kisha wakaja kwa makundi, wanahema, wenye mapanga, wenye fimbo, wale wale waliokuwa wameondoka, kwa sababu enduru ni enduru na hakuna aliyetaka kesi.

Fredinandi alibonyeza. Mawe ya Ma Leokadia yakakinyamazisha.

"Mwizi yuko wapi?" waliuliza.

Nilifungua mdomo, lakini Karugendo alinitangulia. Alinyoosha fimbo yake ng'ambo ya bonde.

"Yule kule. Anakohoa. Mnataka afike ndipo mkimbie?"

Mzee mmoja mnene, aliyekuwa amekimbia kuliko umri wake, hakufurahi. "Anayepiga enduru bila mwizi, faini yake inajulikana."

"Inajulikana," Karugendo akakubali. "Mkiona baada ya mwezi hakuna mwizi aliyekuja, rubisi nitatoa mimi. Sasa rudisheni ng'ombe. Mmeshakimbia, si mmalizie?"

Mmoja akacheka. Kicheko kile kiliwarudisha kuliko hoja yoyote ya kitabuni. Ng'ombe walirudi, wamekasirika, na pembe zao ndefu hazikupenda ujia wa miti. Sanduku lilikuwa na maji zaidi kuliko barafu, ila maji yenyewe yalikuwa bado yanauma vidole. Mzee Petro alichanganya chanjo kidogokidogo, mimi nikachoma, Fredinandi akasukuma makalio. Fundi mmoja wa kuwashika alikuwa wa mkono wa kushoto; nilimpa sindano naye achome ng'ombe mwenye mimba, mbele ya Mzee Petro, nikamwambia Mzee kama dume litazaliwa anilaumu mimi. Tulimaliza jua likiwa limebaki juu ya pembe tu.

Ule mwezi ulipokaribia kwisha nilikwenda Rugu bila kutumwa. Nilitaka kusikia mwenyewe. Nilifika alfajiri, kabla ng'ombe hawajainuka, maana ndiyo saa ya kikohozi. Karugendo alinikuta zizini nimelaza shavu kwenye mbavu za mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, umande umenilowesha mpaka magotini.

"Binti yangu," akasema, "hawa umewasikiliza kuliko utakavyomsikiliza mumeo."

"Nyamaza kidogo, Mzee."

Akanyamaza. Niliwamaliza wote. Nilisikia pumzi, na tumbo likisaga, na kucheua.

"Unasikia nini?"

"Majani."

Aliingia ndani, akarudi na kibuyu. Nikamwambia sikujua kwamba faini ilidaiwa.

"Faini ilifutwa juzi. Zizi la ng'ambo limeanza kuzika. Wazee wamekaa, wamesema mwizi alikuwepo kweli." Alinipa kibuyu. "Hii ni kiu tu."

"Asubuhi hii, Mzee?"

"Kwa nini isiwe asubuhi?"

Nilikunywa nimesimama. Ilikuwa kali, ya jana. Sijui mpaka leo ni chanjo iliyowaokoa, au ule mto unaopita katikati ya bonde, au ni vyote. Ningekuwa na zizi la kulinganisha ningewaambia, na zizi pekee la kulinganisha lilikuwa lile la ng'ambo, ambalo mtu yeyote mwenye moyo asingeliita jaribio. Karugendo alikuwa anaanza kunitajia majina ya ng'ombe wake, mmoja mmoja, na ukoo wa kila mmoja, pale ukungu ulipoanza kupanda kutoka bondeni. Ng'ambo kule, ng'ombe akakohoa. Akakohoa tena.

Karugendo alichukua kibuyu mkononi mwangu akakiziba.

"Sindano unazo?"

"Ziko garini."

"Twende," akasema. "Nitakuonyesha mahali pa kuvukia."